Familia Yetu: Tumbo la Ba'mdogo

Mama Neema: Jamani, ba'mdogo wenu jana tena hakula usiku. Tumbo limejaa gesi, limekaza kama ngoma. Eti maharage yangu ndiyo yanamuua.

Ba'mdogo: Nimesema yananisumbua. Usinitangaze.

Juma: Shikamoo ba'mdogo 😂 mlio tumeusikia mpaka Tabata

Shangazi Rehema: Juma, adabu! Mpeni tangawizi.

Anna: Shikamooni wote. Ba'mdogo, choo unapata?

Ba'mdogo: Marahaba. Mambo hayo humu? Siku ya tatu leo sijapata.

Anna: Basi usiyasingizie maharage peke yake. Yana sukari ambayo mwili wetu hauwezi kuivunja, inafika utumbo mpana ilivyo. Bakteria wanaila, wanatoa haidrojeni na kaboni dayoksaidi. Hiyo ni kwetu sote. Ila wengine wana vijidudu vya jamii nyingine, si bakteria hasa, vinavyochukua hiyo haidrojeni na kutengeneza methani. Methani inapunguza mwendo wa utumbo, ndiyo maana wenye nayo nyingi mara nyingi wanafunga choo.

Juma: Methani si ile gesi asilia ya Songosongo? Tumuunganishie bomba

Anna: Ndiyo hiyohiyo 😅

Shangazi Rehema: Na ile harufu?

Anna: Methani na haidrojeni hazinuki. Zinazonuka ni gesi zenye salfa, za mayai, nyama, kabichi. Ni kidogo mno, basi tu pua haiziachi.

Ba'mdogo: Kwa hiyo maharage niache?

Anna: Hapana. Bakteria haohao wakila nyuzinyuzi wanatoa asidi zinazolisha ukuta wa utumbo. Ma'mdogo, loweka usiku kucha, mwaga maji, pikia mengine. Anza kumpa kidogo kidogo.

Mama Neema: Nikimwaga maji, rangi ya mchuzi je?

Anna: Weka nyanya 😂 Na zile chai za maziwa apunguze tuone. Ukubwani wengi wetu maziwa hayasagiki vizuri, mtindi una nafuu.

Shangazi Rehema: Na tangawizi.

Anna: Sawa shangazi. Ila tumbo likivimba, akatapika na upepo usitoke kabisa, utumbo unaweza kuwa umeziba. Hapo ni hospitali usiku huohuo. Hata akiona damu chooni au anakonda bila sababu, asikae nyumbani.

Ba'mdogo: Upepo unatoka.

Juma: Tunathibitisha 🙋🏾‍♂️

Anna: Hata hivyo kesho nakupitia twende kwa daktari. Kuna kipimo cha kupuliza pumzi, wanaangalia haidrojeni na methani. Tumuulize.

Ba'mdogo: Njoo saa mbili. Juma asije.