Msaada: CO2 chumbani inafika 3,900, ninunue kisafisha hewa kipi?

Kipepeo77: Wakuu, habari za muda huu. Nina kifaa cha kupima hewa chumbani. Saa 3 usiku CO2 (hewa ya ukaa) iko 700, yaani sehemu 700 kwa kila milioni ya hewa, saa 4 inasoma 3,900. PM2.5, yaani chembe ndogo sana za vumbi na moshi, haizidi mikrogramu 6 kwa mita ya ujazo. Naamka kichwa kizito na kichefuchefu. Chumba ni mita 3 kwa 3, dari mita 2.7, nalala peke yangu. Kisafisha hewa gani chenye chujio la HEPA kitanifaa?

Bi Tashtiti: Peke yako, halafu unapumua kwa niaba ya ukoo mzima? 😂 Ngoja wataalamu waje.

Dirisha Wazi: Siku hizi mtu mpaka mashine imwambie afungue dirisha! Acha upenyo wa sentimita 5 dirishani, na mlango nao uwe wazi ili hewa ipite. Dirisha peke yake, mlango umefungwa, halifanyi kazi kubwa.

Kipepeo77: Dirisha nimeliziba, baridi kali. Hilo tuliache, mimi naulizia kisafisha hewa.

Mzee wa Grafu: HEPA inanasa chembe: vumbi, moshi, chavua. Gesi inapita humo kama hakuna kitu. Tena PM2.5 yako ni 6, wakati kiwango cha Shirika la Afya Duniani (WHO) cha 2021 kwa saa 24 ni 15. Utakuwa umenunua feni ya kuzungusha hewa ileile.

Sensa ni ya aina gani? Zipo zinazokadiria CO2 kutokana na mvuke wa kemikali. Ukijipulizia manukato tu zinapanda. Ya kuaminika ni ya infraredi. Hata hiyo, nyingi hujisahihisha kwa kudhani usomaji wa chini kabisa wa siku kadhaa ndiyo hewa ya nje, kwa hiyo chumba kisichofunguliwa kinaifanya isome pungufu. Itoe nje kivulini dakika 20. Inapaswa ikaribie 420.

Kipepeo77: Ni ya infraredi. Nje imesoma 430.

Sauti ya Chini: Basi hii ni chai. Mtu aliyelala hutoa CO2 lita 13 hivi kwa saa. Chumba chako kina lita 24,000 za hewa. Hata ukikiziba kisivuje kabisa, ongezeko ni 540 kwa saa. Wewe unatuletea 3,200. Ama umetunga, ama mko sita humo.

Bi Tashtiti: Si nilisema ukoo?

Mzee wa Grafu: Au kuna kitu kinawaka. Mleta mada, jibu hilo tu.

Kipepeo77: Kuna hita ya gesi, ndogo tu, kilowati 1, haina bomba la kutolea moshi. Naizima nikipanda kitandani saa 4. Moto wake ni wa bluu, haunuki, na oksijeni nikipima kidoleni ni 98. Kisafisha hewa nimeshakilipia, jamani.

Sauti ya Chini: Kilowati 1 ya propani inakula gramu 78 kwa saa na kutoa CO2 lita 130, sawa na watu kumi waliolala. Hapo hesabu inakaa. Ila hiyo ya kuizima bado siiamini. Ukiizima saa 4, kwa jinsi chumba kinavyovuja, saa 7 ilipaswa isome 1,100 hivi. Inasoma ngapi?

Kipepeo77: 5,000, na inaganda hapohapo. Kuna usiku naiacha kidogo.

Mzee wa Grafu: 5,000 ndiyo mwisho wa kifaa, gesi yenyewe inaendelea kupanda. Na cha kuogopa zaidi kifaa hicho hakikipimi kabisa: monoksidi ya kaboni (CO), gesi ya sumu. Oksijeni ikipungua chumbani, hita inazidi kutoa monoksidi, na moto wa bluu si kinga. Kipimo cha kidoleni kinadanganywa, maana damu iliyoshika monoksidi kinaisoma kama iliyoshika oksijeni.

Usiiwashe tena humo leo. Zibua dirisha. Nunua kengele ya CO yenye sensa ya kielektrokemikali, angalia tarehe ya mwisho nyuma yake, ibonyeze kuijaribu. Ukiamka na kichwa hicho tena, toka nje kwanza, kisha hospitali asubuhi hiyohiyo ukaombe kipimo cha damu cha kaboksihemoglobini, yaani kiasi cha damu kilichoshika monoksidi. Kwenye hewa safi inapungua nusu kila saa 4 hadi 5. Ukienda jioni watakuta kidogo tu.

Kipepeo77: Sawa, kengele naagiza. Hita nitaihamishia sebuleni, mlango nauacha wazi joto liingie chumbani.

Sauti ya Chini: Joto tu ndilo litakaloingia?