Sie tunaochoka na watu, raha ya nafsi mnaipata wapi? Tupeane uzoefu

MwanaWete: Jana shughulini kila anayepita: "Mbona umenuna?" Sijanuna wallahi. Watu wakijaa nachoka mwili mzima, mtu akinipandishia sauti usiku silali. Kwetu asiyekaa baraza anaambiwa ana kibri. Wenzangu mnaishije?

UkhtiMtende: Mie huyohuyo.

Makonyo: Umenikumbusha mbali. Nilipomaliza skuli nikawa mtu wa ndani tu. Shangazi akasema huyu si bure, kaingiwa. Nikapelekwa kwa mganga, nikafunikwa kaniki, ubani puani, ngoma masikioni, shetani anaulizwa jina lake. Na mie mlango ukibamizwa tu nashtuka! Nikalia mpaka nikaanguka. Wakashangilia: shetani kapanda! Baada ya hapo bibi yangu wa shamba akanichukua. Msimu wa karafuu, tumekaa ukumbini tunachambua, karafuu huku, makonyo, vile vijiti vyake, huku, toka alasiri mpaka magharibi, na hatuzungumzi. Bibi hakuniuliza nina nini. Pale ndipo nilipojijua kuwa mzima.

Kijana wa Darajani: Subhanallah! Shetani alitajwa jina gani?

BaMkubwa: Msiwadharau waganga. Mamangu alipungwa akapona.

UkhtiMtende: Nani kadharau? Mtoto kafukizwa kwa kunyamaza, nawe unatetea!

BaMkubwa: Sijatetea. Nimesema ya mamangu.

Mwalimu mstaafu: Wanangu, turudi kwenye mada. Carl Jung, daktari wa akili wa Uswisi, aliandika tangu 1921 juu ya watu wanaoelekea ndani na wanaoelekea nje. Ni maumbile, si maradhi wala jini.

Kijana wa Darajani: Jilazimishe barazani, utazoea. Au bustani ya Forodhani alfajiri, kabla ya watu.

Abuu: Kaa itikafu msikitini, kumi la mwisho la Ramadhani.

UkhtiMtende: Itikafu msikiti umejaa! Bora msitu wa Ngezi.

Abuu: Msitu na ibada wapi na wapi?

Mama Jambiani: Kujilazimisha kulinipa kichwa tu. Siku hizi shughulini nakwenda mapema, naingia jikoni, nakuna nazi, napepeta mchele. Watu wakianza kujaa naaga. Hakuna anayeninung'unikia, kazi yangu wameiona, na nyumbani narudi moyo mweupe.

MwanaWete: Hilo nimelichukua, mama. Jumapili kuna khitma.

Mama Jambiani: Basi chukua mbuzi yako ya nazi. Za shughulini huwa butu.