Soksi za kupandia Kilimanjaro: hizi nilizonazo zinatosha?

Kijana wa Tabata
Habari zenu wakuu. Ofisini tumejiandikisha kupanda mlima mwezi ujao, njia ya Marangu, siku 5. Jaketi na begi la kulalia tutakodi Moshi, soksi kila mtu ajitegemee. Ninazo za pamba za kazini pea 6, pamoja na za kuchezea mpira zile ndefu za magotini. Mguu wangu unatoka jasho hata nikikaa chini ya feni. Nibebe zipi? Na ni kweli usiku wa kilele watu wanavaa tatu kwa mpigo?

Mzee wa Fegi
Mkuu vaa zote. Baridi ya kule haina adabu.

Mpagazi Mstaafu
Dogo, huyo atakukatisha vidole. Safari yangu ya kwanza kubeba mizigo nilivaa tatu, ndani ya buti la kuazima. Juu ya Kibo, kambi ya mwisho kabla ya kilele, vidole vikafa ganzi, nikajua baridi. Kiongozi wetu akanikalisha kwenye jiwe, akanivua, akatupa soksi mbili kwenye begi, akanifunga upya kwa kulegeza. Baada ya muda vikaanza kuuma hadi machozi. Akacheka: "Vikiuma vipo." Kumbe kiatu kilikuwa kinabana damu isipite.

Siku ya kwanza hadi kambi ya Mandara ni msitu, joto na tope. Hizo za mpira zinakufaa kabisa. Za pamba acha. Zinakunywa jasho, hazikauki, ngozi inalainika, malengelenge yanaanza kisiginoni. Utazianika Horombo, kambi ya pili, mita 3,720, asubuhi unazikuta zimekakamaa kama ng'onda.

Usiku wa kilele: nyembamba ya nailoni ndani, nene ya sufu juu, basi. Hiyo ya sufu usiiguse kabla. Ifunge isilowe, uivae Kibo mnapoamshwa usiku kuondoka. Ukilala nayo imeshapata jasho lako.

Za sufu utazipata za mtumba pale soko la Memorial, Moshi. Ingiza mkono ndani, inua kisigino kwenye mwanga. Ukiona vidole vyako, rudisha. Kisha ifinye kwenye ngumi. Sufu ikiachiwa inafunguka yenyewe, pamba inabaki na makunyanzi. Muuzaji atakuapia zote ni sufu, wewe finya tu.

Pamba beba pea 1, ya kuvaa kwenye gari mkishuka. Siku hiyo utaipenda.

Shangazi wa Himo
Mwanangu, kata kucha siku mbili tatu kabla. Mimi nilifika Gilman's, kule juu ukingoni mwa kreta, vizuri, kushuka ndiko kulikoniua: mguu unateleza mbele kila hatua. Kucha za vidole gumba zote mbili zilikuwa nyeusi, zikang'oka. Angalia pia mshono wa soksi usikae juu ya vidole.

Kijana wa Tabata
Nimewaelewa, asanteni sana. Shangazi pole. Kiatu nimechukua soko la Karume, namba 42. Nikivaa na soksi nene, kidole gumba kinagusa mbele kidogo tu.

Mpagazi Mstaafu
Kinagusa ukiwa umesimama sebuleni Tabata. Ukishuka kitagonga. Rudi Karume na hiyo soksi mkononi, nenda jioni mguu ukiwa umevimba, jaribu 43.