Msimu mzima nimefuata kadeti na junia wa klabu yetu, leo klabu inaniomba MIMI matokeo!

Bandugu, jambo yenu. Tangu Jumatatu najizuia nisiandike nikiwa na hasira. Leo Alhamisi, hasira iko palepale, kwa hiyo naandika nayo.

Jina la klabu yetu ya mpira silitaji. Wa Lubumbashi watajua wenyewe. Si Mazembe, si Lupopo, zile klabu kubwa za hapa, wale wana makelele yao na wasemaji wao. Sisi ni wale wa kadeti na junia, timu za watoto na vijana, tunaocheza saa mbili asubuhi umande haujakauka, na watazamaji ni wazazi kumi na moja, mbwa mmoja na mimi.

Jumatatu mchana niko kwenye meza yangu ya vipuri vya baiskeli, sokoni Kenya (Kenya ya hapa Lubumbashi, si ile ya Nairobi), simu inalia. Ni mtu wa ofisi ya akademi ya klabu, wale wanaosimamia timu za watoto. Hata habari za nyumbani hakuuliza: "Papa, ile kaye yako iko? Utupigie foto ya kurasa zote, utume leo. Wanatuomba listi ya watoto na matokeo, sisi hatuna."

Hatuna! Msimu umekwisha, vikombe vimegawiwa, ndipo akademi inagundua kwamba haijui ilicheza na nani.

Niieleze hiyo kaye. Ni daftari la kurasa 96 nililomnunulia binti yangu, akalikataa kwa sababu ya mistari mikubwa, nikalichukua. Mvua za kwanza zilipoanza nikaandika mechi ya kwanza ya kadeti, halafu ya junia, nikashindwa kuacha. Mechi 26 kwa jumla, 23 nimeziona kwa macho yangu. Sina mtoto kwenye timu. Napenda tu kuona mchezaji kabla hajajua kwamba anaangaliwa.

Ratiba yetu ni ya mdomo. Unamuuliza kocha, kocha anakwambia alivyoambiwa, halafu inabadilika usiku. Siku moja nimefunga meza, nimepanda taxi-bus mbili mpaka Ruashi, nafika uwanjani nakuta mbuzi. Mbuzi wanakula golini! Kijana mmoja ananiambia, "Papa, walichezaka jana." Jana! Mama wa maandazi pale pembeni ndiye aliyenipa ripoti, na nimeiandika kama alivyoitoa: "Ruashi. Walifungwa. Wawili walilia." Hiyo ndiyo taarifa pekee iliyopo duniani ya mechi hiyo. Na ukurasa wa klabu mtandaoni wiki ile? Picha sita za viongozi wakipokea katoni za maji.

Sasa hili la maiyo, yaani jezi, ndilo hasa linanichoma.

Tuna seti moja. Moja! Junia wanacheza kwanza, kisha kadeti. Mechi ya junia ikiisha, vijana wanavua palepale kando ya mstari, na wadogo wanapokea. Njooni mwezi wa sita, mnajua baridi yetu ya asubuhi, muone mtoto wa miaka kumi na minne anaingiza kichwa ndani ya maiyo iliyolowa jasho la mtu mwingine. Wa namba 10 ni mdogo, inamfika magotini. Mama yake alikuwa anaikamua kwanza, kama anayekamua nguo ya kufua, anaipiga hewani mara mbili, ndiyo anamvalisha. Kila mechi. Hakuwahi kulalamika, mimi ndiye nalalamika.

Na si baridi tu. Namba zinachanganyika. Kuna siku maiyo namba 4 ilichanika, aliyekuwa 4 akavaa 13, wa 13 akapewa 7, na karatasi ya refa ilikuwa imeshajazwa. Yule mtoto wa 4 alifunga bao zuri kuliko yote niliyoyaona msimu huu: aliupokea mpira kwa kifua nje ya boksi, akauacha udunde mara moja, akaupiga kwa mguu wa kushoto ukapita juu ya kipa. Kwenye karatasi bao hilo ni la mtoto aliyekuwa amekaa benchi anakula muwa. Nilimfuata refa, akaniambia, "Papa, mie naandika namba, siandike sura."

Najua kuna atakayesema: matokeo ya watoto yana maana gani, hao wanajifunza tu. Yaya, ngoja kidogo.

Kanuni za FIFA zinasema mchezaji akiuzwa kwenda klabu ya nchi nyingine mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya pesa inakatwa na kugawiwa klabu zilizomlea tangu miaka 12 mpaka 23. Kila mwaka kati ya 12 na 15 ni asilimia 0.25 ya bei. Kuanzia 16 ni 0.5. Piga hesabu: siku mmoja wa hawa akiuzwa dola 1,000,000, mwaka mmoja tu aliokaa kwetu akiwa na miaka 14 ni dola 2,500. Mwaka wa miaka 17 ni dola 5,000. Maiyo ngapi hizo? Tangu Novemba 2022 malipo haya yanapitia ofisi maalumu ya FIFA iliyoko Paris, na ofisi hiyo inasoma pasipoti ya mchezaji (si ya kusafiria, ni rekodi ya klabu alizosajiliwa) inayotokana na usajili wa nyumbani. Hukumsajili, hukumlea. Kocha wetu aliyebeba mipira kwenye gunia la makaa msimu mzima, kwa miguu, atakuwa hakumfundisha mtu yeyote.

Halafu mtoto mwenyewe. Namba 6 wa kadeti ana kovu kwenye nyusi ya kushoto. Kwenye kaye yangu, mwanzoni mwa msimu, nimeandika jina alilonipa na mwaka aliosema amezaliwa. Baada ya Pasaka nikamuuliza tena, maana niliona ameitwa kwa jina jingine. Akaangalia chini. Akanipa jina jipya, na amekuwa mdogo kwa miaka miwili. Kovu ni lilelile. Nani alimwambia? Hakusema, na sikumsukuma, ni mtoto. Lakini wakubwa waliokaa na kupanga jambo hilo wanakumbuka yaliyompata Silas? Kijana wa Kinshasa aliyekuwa anacheza Stuttgart, Ujerumani, klabu nzima ikimwita Wamangituka, mwaka 2021 akajitokeza kusema jina lake ni Katompa Mvumpa na umri wake si ule ulioandikwa. Alifungiwa miezi mitatu, na klabu yake ikasema kwamba yeye ndiye aliyetumiwa. Na tangu 2009 kwenye Kombe la Dunia la U-17 FIFA inapima mifupa ya kifundo cha mkono kwa mashine. Mtamficha wapi mwenye kovu?

"Klabu haina pesa." Nimesikia. Kaye ni bei ya chini kuliko bia moja ya Simba baridi, na kwenye kikao cha kufunga msimu nilihesabu Simba mezani mpaka nikachoka. Kipa wetu wa kadeti, yule anayerukaruka kwa makalio kama Kidiaba, kipa wa zamani wa Mazembe, kila tukifunga, alikuwa nje ya geti anachungulia. Hakuna aliyemkumbuka hata kwa soda.

Kwa hiyo foto sijatuma. Jana wamenipigia mara tatu, ya tatu ikawa kwa ukali, kama vile mali yao ndiyo niliyoiba. Nikamwambia hivi: Jumamosi saa tatu nitakuja uwanjani na kaye yangu, watoto wote waitwe, kila mmoja atamke jina lake kwa kinywa chake, lile alilopewa na baba na mama, niliandike mbele ya namba yake, wazazi wakisikia. Ndipo mtapiga foto mnazotaka. Akakata simu. Mimi nitakuwepo.

Ila hapa naomba msaada wenu. Mechi tatu sikuziona: ile ya mbuzi, moja nilikuwa na malaria, na ya tatu ni siku tuliyomzika shemeji yangu. Hiyo ya tatu junia walishinda 2-1 pale Katuba, na bao la pili lina wenyewe wawili, namba 9 na namba 11, wote wanaapa. Wiki mbili sasa hawasalimiani. Aliyekuwepo Katuba asubuhi ile aniambie: mpira uliguswa na nani mwisho?