Msanifu wa mifumo ya TEHAMA huanzia wapi? Naomba mwongozo kwa kazi ya chama cha ushirika wa tumbaku

Mwana_Urambo aliandika:

Ndugu wanajukwaa, habari za wakati huu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa shahada ya mifumo ya habari, na kwa sasa nipo nyumbani mkoani Tabora kwa likizo. Muhula ujao tuna somo la usanifu wa mifumo ya TEHAMA kwa taasisi na biashara, na mhadhiri ametutaka kila mmoja achague biashara halisi, aielewe, kisha asanifu mifumo yake yote kwa ujumla, si programu moja tu. Nimechagua chama cha msingi cha ushirika wa tumbaku wilayani Urambo, kwa sababu wazazi wangu ni wanachama na viongozi wameniruhusu kukaa nao na kuuliza maswali.

Nimesoma kuhusu jedwali la Zachman (la maswali ya kumwongoza msanifu), nimepitia hatua za TOGAF (mwongozo wa kusanifu mifumo ya taasisi nzima), nimeanza kujifunza alama za ArchiMate (lugha ya kuchorea mifumo), na tayari ninao mchoro wenye seva, hifadhidata, simu za makarani na kiunganishi cha benki. Hata hivyo, nikiutazama mchoro huo naona ungeweza kuwa wa duka la dawa au wa shule, bila kubadilisha chochote isipokuwa majina. Naomba kuelimishwa: msanifu huanzia wapi hasa, na chuoni nikazanie masomo gani ili niiweze kazi hii?

Fundi_Mifumo_Kigoma alijibu:

Mdogo wangu, karibu. Mchoro wako unafanana na wa duka la dawa kwa sababu umeanza na vifaa, na vifaa ni vilevile kila mahali. Weka mchoro pembeni kwa muda, uchukue daftari, na ujiulize ni kumbukumbu zipi ambazo chama hicho kikizipoteza au kikizikosea, mkulima anaumia. Kwa kuwa nimewahi kufanya kazi na vyama vya aina hiyo, naweza kukutajia chache: daftari la wanachama, deni la pembejeo la kila mkulima, uzito na daraja (kiwango cha ubora) la kila robota, yaani kila mzigo wa tumbaku uliofungwa, bei ya daraja hilo, na malipo baada ya makato. Kwa kila kumbukumbu uliza ni nani mwenye mamlaka ya kuiandika, ni nani anayeruhusiwa kuisoma tu, na ikitokea nakala mbili zinapingana, ipi inaaminiwa.

Swali hilo la mwisho ndilo moyo wa kazi yetu. Hapa Kigoma niliwahi kuitwa na wakala wa mizigo ya kwenda Bujumbura na Kalemie aliyekuwa akilalamika kwamba kompyuta zake zinafanya kazi polepole. Nilipokaa na watumishi wake nikakuta mteja mmoja ameandikwa katika majedwali matatu: la ghala, la mhasibu na la mtu wa forodha, kila moja likiwa na tahajia yake ya jina na kiasi chake cha deni. Kununua seva mpya kungeharakisha tu kutoa majibu matatu tofauti. Tulichofanya ni kukubaliana kwamba taarifa za mteja zinaandikwa na ofisi moja na wengine wote wanasoma kutoka hapo. Mchoro ulikuja baadaye, na ulikuwa mfupi.

Jambo la pili, kila uamuzi wako uuandike pamoja na sababu yake. Mwaka 2011 mtaalamu wa programu Michael Nygard alipendekeza utaratibu mwepesi ambao wengi wetu tunautumia hadi leo: ukurasa mmoja au miwili kwa kila uamuzi, ukieleza mazingira yaliyokuwapo, kilichoamuliwa, hali ya uamuzi huo kwa sasa, na matokeo yake, mazuri na mabaya. Kama umeamua kwamba deni la pembejeo litunzwe katika mfumo wa chama na si wa benki, andika kwa nini. Mtu atakayekuja miaka mitano baadaye atauona mchoro wako, lakini mchoro hautamwambia ulikataa nini.

Karani_wa_Mizani alijibu:

Naomba kuongeza machache, kwa kuwa mimi nipo sokoni kila msimu. Kijana wetu asije akaandika kwamba chama ndicho kinachopanga daraja la tumbaku. Chama kinapokea marobota, kinapima na kutunza kumbukumbu, lakini daraja linatolewa na mteuzi, yaani mtaalamu wa kupanga madaraja ya tumbaku, mbele ya mnunuzi na mkulima, na hapo ndipo ugomvi mwingi unapozaliwa. Mfumo ukimruhusu karani kubadilisha daraja baada ya soko kufungwa, wanachama hawatauamini hata ukiwa mzuri namna gani. Vilevile, bei ya tumbaku imezoeleka kutajwa kwa dola kwa kilo, wakati mkulima analipia ada ya shule ya mtoto kwa shilingi. Kwa hiyo pamoja na uzito na daraja, mfumo lazima utunze kiwango cha kubadilishia fedha kilichotumika na tarehe yake, kwa sababu hilo ndilo swali la kwanza tunaloulizwa dirishani.

Mwalimu_TEHAMA alijibu:

Nimefurahishwa na maelezo ya karani hapo juu, maana ametoa kwa sentensi chache kile ambacho wanafunzi wangu wengi hukikosa katika kurasa arobaini.

Kuhusu miongozo uliyoitaja, isikutishe wala usiidharau. John Zachman alichapisha jedwali lake mwaka 1987 akiwa IBM, na msingi wake ni maswali ya kawaida kabisa: nini, vipi, wapi, nani, lini na kwa nini. Limechukuliwa na wengi kama fomu ya kujaza, ilhali faida yake kubwa ni kukuonyesha swali ambalo hujauliza. TOGAF ilitolewa na The Open Group, muungano unaoandaa viwango vya TEHAMA, mwaka 1995 ikitokana na kazi ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani, na imeandikwa kwa kuzifikiria taasisi kubwa. Ukiipeleka nzima katika chama chenye karani mmoja na mhasibu mmoja, utaandika nyaraka nyingi kuliko marobota. Chukua mpangilio wake tu: anza na biashara, fuata taarifa na programu, kisha teknolojia. ArchiMate nayo ni lugha ya kuchorea, iliyoanzia Uholanzi, na programu ya Archi inapatikana bure, hivyo unaweza kufanya mazoezi ukiwa nyumbani.

Soma pia hoja ya mtaalamu wa kompyuta Melvin Conway ya mwaka 1968, kwamba mfumo unaobuniwa na taasisi huishia kufanana na namna watu wa taasisi hiyo wanavyowasiliana. Katika chama chako, kama bwana shamba na mhasibu hawakutani isipokuwa kwenye mkutano mkuu, basi usishangae mfumo wa mashamba na mfumo wa fedha kutosemezana. Hapo msanifu hana budi kuzungumza na uongozi kuhusu kazi za watu kabla ya kugusa programu.

Umeuliza ukazanie masomo gani. Hifadhidata na mitandao utafundishwa tu. Mimi ningekusihi uongeze uhasibu, walau uweze kusoma leja na kuelewa kwa nini miamala haifutwi bali inarekebishwa kwa muamala mwingine. Isome Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa kuwa daftari la wanachama lina majina, namba za simu na madeni ya watu. Tena jifunze kuandika aya inayoeleweka na mwenyekiti wa chama bila mkalimani, maana yeye ndiye atakayeidhinisha fedha.

Mwana_Urambo aliandika:

Shikamooni nyote, na asanteni sana. Mwalimu na kaka yangu wa Kigoma, nimebakiwa na swali moja. Siku ya soko mtandao ghalani hupotea mara kwa mara, na umeme nao hukatika. Wenzangu wananishauri niweke kila kitu kwenye seva za wingu, yaani kompyuta za mbali zinazofikiwa kwa intaneti. Nifanye nini?

Fundi_Mifumo_Kigoma alijibu:

Seva za wingu si tatizo, ila soko lisizitegemee kwa dakika yoyote. Badala ya kuandika kwamba mfumo uwe imara, andika tukio linaloweza kupimwa: soko linaendelea, mtandao umekatika kwa saa nne, karani anaendelea kupima na kurekodi kwa kasi ileile, na mtandao ukirudi taarifa zote zinafika bila robota kupotea wala kuhesabiwa mara mbili. Ukishaandika hivyo, maamuzi yanajitokeza yenyewe. Kifaa cha karani lazima kitunze rekodi ndani yake, kiwe na betri ya kumaliza siku, na kila robota lipewe namba ya kipekee palepale mizanini, si na seva. Hapo kifaa kikituma rekodi ileile mara tatu kwa sababu mtandao unayumba, seva itaitambua namba na kuipokea mara moja tu. Kinachobaki ni kifaa kupotea kabla hakijatuma, na kwa hilo ningeweka printa ndogo inayotoa stakabadhi mbili, moja ya mkulima na nyingine ya ghala.

Karani_wa_Mizani alijibu:

Hiyo stakabadhi iwe na namba ya robota, uzito, daraja, jina la mkulima na saa. Mzee asiyesoma huipeleka kwa mjukuu wake jioni ileile, na kama kuna kosa tunalijua kesho yake asubuhi kabla gari halijapakia.