Mikataba ya miezi mitano mitano: waajiri acheni kujificha nyuma ya sheria ya kazi

Wakuu habari za jioni. Mods naomba huu uzi msiuunganishe na zile za "natafuta kazi", hili ni jambo lingine kabisa. Naandika na hasira, nikikosea tahajia mnivumilie.

Nipo kiwanda kimoja cha vinywaji hapa Dar, sitakitaja, upande wa kupaki. Mkataba wangu ni wa miezi mitano. Ukiisha napewa mwingine wa miezi mitano, na mwingine, hivyo hivyo tunaenda. Ikifika wiki ya mwisho HR anapita laini kwa laini na karatasi yake anasoma majina, mnaambiwa rudisheni vitambulisho na reflekta mtapigiwa simu. Mnakaa nyumbani hamna hili wala lile, halafu siku simu inaita unarudi mashine ile ile, supavaiza yule yule, mkataba mpya na namba mpya ya mfanyakazi kana kwamba hamjuani. Na kuna ambao simu haiiti, ndo imetoka hiyo.

Sasa juzi mwenzetu mmoja, dada mmoja hivi haogopi, akamuuliza HR mbele ya watu kwa nini isiwe sita au mwaka kabisa. Jamaa akajibu bila aibu: jamani siyo mimi ni sheria ya kazi, mtu akifika miezi sita anakuwa mzigo, kumtoa ni kesi. Mzigo! Watu tunaofanya shifti ya usiku mpaka macho yanakuwa mekundu, tunaitwa mzigo tukiwa tumesimama pale pale.

Nikasema basi ngoja niisome hiyo sheria inayosingiziwa kila siku. Ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, namba 6 ya 2004, ipo mtandaoni mnaweza kuisoma wenyewe. Na kweli hiyo miezi sita imo, kifungu cha 35, mfanyakazi ambaye hajafikisha miezi sita kwa mwajiri mmoja halindwi na vile vifungu vya kuachishwa kazi isivyo halali. Ila sasa HR wetu aliishia katikati ya sentensi, maana inaendelea kusema iwe kwa mkataba mmoja au zaidi ya mmoja. Yaani mitano yangu na mitano mingine kwa tajiri huyo huyo inajumlishwa. Kuna kingine, mkataba wa muda ukiisha kweli umeisha, lakini kama ulikuwa na sababu ya msingi ya kutarajia kuongezewa halafu wakakunyima, hapo sheria inahesabu umeachishwa kazi. Mtu umeongezewa mara kibao kwa masharti yale yale na mashine ile ile, utakosaje kutarajia?

Kwa hiyo ujanja wao wala kisheria haujakaa vizuri kivile. Unafanya kazi kwa sababu wanajua hatuendi popote. Kesi ya kuachishwa kazi unatakiwa uipeleke CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 30, na hizo ndo siku ambazo wewe uko nyumbani umekumbatia simu unasubiri uitwe. Nani atajaza fomu ya kumshtaki mtu anayetegemea ampigie kesho? Kufungua ni bure, hawachaji hata senti, ila ukifungua tu jua jina lako limefutwa kwenye ile karatasi.

Haya tuje kwenye hiyo gharama wanayoililia kila wakishikishwa maiki. "Kumtoa mfanyakazi Tanzania ni ghali mno, ndo maana hatuajiri." Ghali kiasi gani? Kiinua mgongo cha sheria ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimiza, na wanahesabu mwisho miaka 10. Piga mwenyewe, mtu amekupa miaka kumi ya maisha yake anaondoka na siku 70. Hata aliyekaa ishirini ni siku 70 hizo hizo. Ongeza notisi ya siku 28 na likizo yake kama hajaenda. Ukimtoa kwa utovu wa nidhamu hicho kiinua mgongo hupaswi hata kumlipa, na mkataba wa muda ukiisha wenyewe nao hakuna. Kama ni kupunguza watu kwa sababu biashara imeyumba, unatakiwa utoe taarifa, ueleze sababu, ukae na chama chao au wao wenyewe mzungumze. Hapo sasa ghali iko wapi jamani?

Ghali inakuja ukimtoa mtu kihuni. Umekasirika asubuhi, mchana umemfukuza getini, huna barua, huna kikao, huna ushahidi. Mzigo wa kuthibitisha ni wa mwajiri, sasa unaenda CMA mikono mitupu unathibitisha nini? Kwa miaka mingi fidia ilianzia mishahara ya miezi 12, na ikiamriwa mtu arudishwe kazini wewe ukagoma, unalipa miezi 12 pamoja na mishahara yote tangu ulipomtoa mpaka siku unapomaliza kumlipa. Hiyo ya mwisho ndo inawaua, kwa sababu wakishindwa CMA wanakimbilia Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi kuomba mapitio, miaka inakatika na mishahara inahesabika tu. Halafu wanatoka hapo wanasema sheria mbaya.

Sasa hofu hiyo wanatubebesha sisi ambao hatujamfanyia mtu chochote. Kuna mashine ya kufungia chupa kwenye nailoni, ile paketi ya maji mnayobeba dukani. Moto ukizidi nailoni inaungua inatoboka, moto ukipungua haibani vizuri, paketi inafumukia juu ya paleti. Kuijua inahitaji muda, unasikia mpaka mlio wake ukibadilika. Kila wakibadilisha watu wanaletwa vijana wapya, siku za kwanza wanaunguza nailoni roli kwa roli, laini inasimama, supavaiza anatukana, na sisi tuliobaki ndo tunawafundisha. Wakishaijua, muda wao umeisha. Hiyo hasara hakuna anayeiandika popote, ila siku 70 za kiinua mgongo zinawanyima usingizi.

Na mtaani huko ndo usiseme. Mwenye nyumba Dar anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, wewe mkataba wako wa mitano. Benki ukienda na mkataba huo kuomba mkopo wanakuangalia tu. NSSF ukiangalia michango yako ina mapengo kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza. Mtu ana miaka anafanya kazi hapo hapo lakini kila mwaka makaratasi yanasema yeye ni mgeni.

Nitakubali kitu kimoja ili nisionekane nalalamika tu. Ni kweli ukijua kumtoa mtu kuna usumbufu unakuwa mwoga kuajiri. Ndo maana matangazo ya kazi yamejaa "uzoefu miaka mitatu" hata kwa mtu wa kubandika lebo, dogo katoka VETA juzi huo uzoefu ataupata kuzimu? Na ndo maana wengine wanaajiri ndugu na watoto wa marafiki, wanajua shemeji hawezi kukupeleka CMA. Aliye ndani analindwa na aliye nje analipia, hilo lipo. Ila waliotunga sheria walishaliona, ndo wakaweka hiyo miezi sita, umpime mtu ukimwona hafai umtoe bila makesi makubwa. Matajiri wameichukua nafasi ya kumjaribu mtu wameifanya ndo ajira yenyewe. Mtu unajaribiwa mpaka unaota mvi.

Kuna na hii ya mawakala wa ajira, mnaikumbuka 2014 serikali ilipokuja juu, ikasema wakala kazi yake ni kuunganisha watu na kazi, siyo kuwaajiri yeye halafu anawakodisha kwa makampuni? Kelele zilikuwa nyingi. Kalagabaho, watu wamebadilisha majina ya mikataba maisha yanaendelea.

Na wale mnaosema dawa ni kulegeza mikataba ya muda, taratibu. Hispania walifanya hivyo 1984, wafanyakazi wa kudumu wakaachwa na ulinzi wao mkali, ila ukafunguliwa mlango mpana wa mikataba ya muda ili vijana wapate kazi. Kazi kweli zilipatikana, lakini kufika miaka ya 90 karibu mfanyakazi mmoja kati ya watatu alikuwa na mkataba wa muda, na uchumi ukitetereka hao ndo wanaanza kutolewa. Ilibidi wairudie tena sheria yao mwishoni mwa 2021 kuibana. Sisi huku mpaka juzi mkataba wa muda maalum ulikuwa wa wataalamu na watu wa menejimenti, kifungu cha 14, kwa hiyo mtu wa kupaki kama mimi hata kupewa huo wa miezi mitano ilikuwa ni maajabu. Yamekuja marekebisho ya 2025 yameongeza milango, kazi za msimu, kazi zikizidi kwa muda na kadhalika. Hayo hayo marekebisho upande wa fidia yameanza kutofautisha mwajiri aliyekosea utaratibu na yule asiye na sababu kabisa, hilo mimi naliona ni la haki. Lakini huo mlango wa "kazi zimezidi kwa muda" nani atakuja kiwandani kuhakikisha kwamba kazi imezidi kwa muda kweli? Maji watu wanakunywa mwaka mzima bana.

NYONGEZA: kuna mkuu hapo chini ana kiwanda kidogo cha matofali anasema nimewaonea. Anadai alimkamata stoo kipa anauza mifuko ya saruji, akamfukuza jioni ile ile kwa meseji, jamaa akaenda CMA akashinda, tangu hapo haajiri mtu, anatumia deiwaka tu, vibarua wa siku kwa siku. Mkuu pole, kuibiwa kunauma na kumlipa mwizi kunauma zaidi. Ila kanuni za 2007 zilikutaka umpe barua ya tuhuma, umwachie angalau masaa 48 ajiandae, mkae kikao umsikilize, uandike uamuzi. Barua mbili na siku tatu, ungemsimamisha kazi kwa malipo wakati unasubiri ukamaliza. Umeona bora ufunge ajira za watu wote kuliko kuandika barua mbili? Na hao deiwaka wako wakiwa wale wale kila siku mwaka mzima, CMA wakiulizwa hao ni nani wako, utajibu nini?

Wanasheria na watu wa CMA mliomo humu, swali langu ndo hili. Mkataba wangu unaisha mwisho wa mwezi. Mikataba yote ya nyuma ninayo, kila mmoja una sahihi ya HR, na meseji za kuitwa kazini sijafuta. Nisipoitwa safari hii, hizo siku 30 wanaanza kuhesabu tangu mkataba ulipoisha, au tangu nilipojua hawaniiti? Anayejua ajibu humu humu hadharani, msinifuate PM, tuko wengi.