Misa ya lazima shuleni: daftari la mahudhurio lina kazi gani kanisani?

Wakuu, salaam. Naleta jambo lililotugawa wazazi kwenye kikao cha Jumamosi. Kijana wangu yuko kidato cha pili katika shule ya wavulana ya Kikatoliki hapa Dar. Jina la shule naliacha. Mwaka huu uongozi umeamua kwamba Misa ya Jumatano ni lazima kwa kila mwanafunzi, awe Mkatoliki, Mlutheri au Mwislamu. Kiranja anasimama mlangoni na daftari. Asiyeonekana anafyeka nyasi.

Mimi ni Mkatoliki, na shule hii niliichagua kwa ajili ya dini kwanza, ufaulu baadaye. Nalipinga daftari hilo.

Wanaoliunga mkono wanasema: aliyeleta mtoto hapa alijua ni shule ya Kanisa, kama hataki Misa, shule za serikali zipo. Nusu ya hoja hiyo naikubali kabisa. Msalaba ubaki ukutani, sala ya asubuhi ibaki, na kipindi cha dini kifundishwe kwa uzito uleule wa hisabati. Hata kijana wa Kiislamu akae darasani asikilize, ajue jirani yake anaamini nini. Lakini kufundishwa dini na kuabudu ni mambo mawili.

Kanisa lenyewe limeyatenganisha. Katika Sheria ya Kanisa ya 1983, Kanuni 1247 inawadai waamini Misa ya Jumapili na sikukuu za amri, siyo ya Jumatano. Kanuni 11 inasema sheria za Kanisa zinawabana waliobatizwa au kupokelewa ndani yake. Na Kanuni 748 inakataza kumshurutisha mtu kuipokea imani ya Kikatoliki kinyume cha dhamiri yake. Ibara ya 19 ya Katiba yetu nayo inalinda uhuru wa kuabudu. Sasa kiranja kapata wapi mamlaka ambayo hata sheria ya Kanisa haikumpa?

Kikaoni baba mmoja Mwislamu alisimama, akasema taratibu: "Mwanangu anapiga magoti kwa kuogopa nyasi. Hilo ndilo mnalolitaka?" Hakuna aliyemjibu.

Ila kinachoniuma zaidi ni watoto wetu Wakatoliki. Kijana wangu alianza kutumikia altareni parokiani akiwa na miaka tisa. Alikuwa anaamka mwenyewe gizani kuwahi Misa ya kwanza, mimi bado nimelala. Likizo iliyopita namwamsha Jumapili, ananiambia: "Baba, ya wiki hii nimeshatiwa tiki Jumatano." Nilikaa kitandani kwake nikakosa la kusema. Anasimulia kuwa viti vya nyuma wanakopi noti za fizikia, na wengine wanapanga mstari kukomunika kwa sababu tu benchi zima limenyanyuka.

Mwalimu Nyerere alisoma Tabora, shule ya serikali, akabatizwa 1943 akiwa na miaka 21, kwa kuomba mwenyewe. Miaka ya 1950 akafundisha Pugu, wakati huo shule ya Kanisa, na hata alipokuwa Rais Misa hakuiacha. Imani ya namna hiyo ndiyo naitamani kwa kijana wangu.

Ningependa fedha na muda vielekezwe kwa padre mlezi anayekaa shuleni na kuwajua vijana kwa majina, kitubio kipatikane kila wiki, TYCS, yaani chama cha wanafunzi Wakatoliki, iendeshwe na wanafunzi wenyewe, na mafungo ya Kwaresima yawe ya kujiandikisha. Asiye Mkatoliki Jumatano aende maktaba.

Nitapendekeza daftari liondolewe kwa muhula mmoja, tuone kanisani wanabaki wangapi. Wanaonipinga wanaogopa litabaki tupu. Mapadre, masista na walimu mliolea wavulana bwenini, mmeliona hilo likitokea? Na kama wakibaki thelathini tu, padre aanzie wapi nao?